Koili ya Tesla kwa Mfuko Mwembamba: Pesa Ibanwe Wapi, Isibanwe Wapi

Hotuba kwa wanafunzi wa vilabu vya sayansi, walimu na wazazi, katika ukumbi wa jamii, Eastlands, Nairobi

Walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliojaa mpaka mlangoni, hamjambo nyote.

Nimeitwa kuzungumza juu ya koili ya Tesla, ile mashine inayorusha cheche za zambarau hewani na kuwasha mrija wa taa bila waya wowote. Wengi wenu mmeiona kwenye simu. Mimi ni fundi wa redio na televisheni, na vijana hunijia kwenye benchi na swali lilelile: "Fundi, nikitaka kuunda hii kitu, itanigharimu pesa ngapi?" Swali ni zuri na nitalijibu. Ila nataka tuliongezee lingine: ukiwa na pesa kidogo, uzibane wapi, na ni wapi usithubutu kuzibana? Kwa sababu miongoni mwa vifaa vinavyotajwa kila mara kwa kazi hii, kimoja kinapatikana hapa Nairobi karibu bure, na hicho ndicho kinachoua watu.

Tuanze na mwenye jina. Nikola Tesla alizaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko nchini Croatia. Alihamia Marekani, na mwaka 1891, akiwa New York, akapata hataza ya mfumo wa taa uliotumia koili ya aina hii. Mwaka huohuo alisimama mbele ya wahandisi wenzake akawaonyesha mirija ya kioo ikiwaka bila kuunganishwa na kitu. Baadaye akataka koili kubwa kupita kiasi cha chumba cha mjini, akaenda Colorado Springs, mji wa nyanda za juu, akajenga banda la mbao na ndani yake koili ya kipenyo cha karibu mita 15. Alifika huko Mei 1899. Mei hiyohiyo reli kutoka Mombasa ilifika hapa Nairobi, mahali ambapo mji ulikuwa bado haujaanza.

Tarehe zimegongana kwa bahati tu, lakini kuna jambo jingine ambalo linatuhusu moja kwa moja. Colorado Springs iko mita 1,839 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mita 1,795 hivi. Hewa aliyoipasua Tesla kwa cheche zake ilikuwa nyembamba kama hii tunayovuta hapa ukumbini. Shinikizo la hewa yetu ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na hewa nyembamba hupasuka upesi. Pwani, hewa kavu huhitaji volti 30,000 hivi kwa kila sentimita ndipo cheche iruke. Hapa kwetu 25,000 hivi zinatosha. Kwa hiyo ukiwa na rafiki Mombasa aliyekutumia vipimo vya pengo la cheche la koili yake, yaani ile nafasi ya hewa inayorukwa na cheche, ukavinakili vilevile, pengo lako litapasuka mapema kabla kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, haijashiba, na koili itakuwa dhaifu bila wewe kujua sababu. Lipanue kwa karibu sehemu moja ya tano, kisha urekebishe polepole. Hiyo haigharimu hata shilingi.

Sasa, inafanyaje kazi? Ndani yake kuna saketi mbili. Ya kwanza ina kapasita kubwa na koili fupi ya waya mnene. Ya pili ina koili ndefu ya waya mwembamba, na juu yake kofia ya chuma. Kofia hiyo pamoja na hewa inayoizunguka ndiyo kapasita yake, ndogo sana. Kapasita ya kwanza ikishiba, hewa kwenye pengo la cheche inapasuka, na umeme unaanza kwenda na kurudi ndani ya koili fupi mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa saketi ya pili ina masafa yaleyale, yaani umeme wake huenda na kurudi mara zilezile kwa sekunde, nguvu inahamia kwake kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka yote iko juu kwenye kofia na hewa haina budi kupasuka.

Mmewahi kusukuma gari lililokwama kwenye matope ya mvua za Aprili. Mkilisukuma mara moja kwa nguvu zenu zote, halitoki. Mkilisukuma likaenda kidogo, mkaliacha lirudi, mkalisukuma tena pale tu linapogeuka, mwendo wake unakua mpaka linapanda. Anayesukuma nje ya wakati anawaharibia wenzake kazi. Basi resonansi ndiyo hiyo, na ndiyo koili yote ya Tesla. Mashine isiyo na resonansi, hata ukiitia vifaa vya bei gani, ni rundo la shaba tu.

Hapa kuna kosa ambalo nalisikia hata kwa watu waliosoma. Wanadhani hii ni transfoma ya kawaida, ile ya kupandisha au kushusha volti kwa idadi ya mizingo: koili ya pili ina mizingo 900, ya kwanza ina 12, basi volti zinazidishwa mara 75. Sivyo. Kinachohama ni nishati, na nishati haiongezeki njiani. Nishati ya kapasita ni nusu ya uwezo wake wa kuhifadhi chaji mara volti zenyewe kwa kipeo cha pili. Nishati ileile ikitoka kwenye kapasita kubwa ikaingia kwenye kapasita ndogo, volti lazima zipande, na zinapanda kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa kapasita hizo. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hatapoteza pesa kununua waya mwingi zaidi akitegemea volti zaidi. Ataangalia kapasita zake. Naona hili ndilo somo zuri kuliko yote ndani ya mashine hii, na ndiyo sababu nawasihi walimu msiichukulie kama mchezo wa kushangaza watu siku ya maonyesho.

Tuje kwenye pesa.

Koili ya pili ndiyo inayotisha watu, kwa sababu inaonekana kama imekula shaba nyingi. Hebu tupige hesabu. Chukua bomba la PVC la milimita 50, la maji machafu. Chukua waya wa shaba wenye vanishi, unene wa milimita 0.25. Ukiusuka kwenye bomba hilo urefu wa sentimita 25, mzingo ukigusana na mwenzake, utapata kama mizingo 900. Urefu wa waya ni mita 140 na kidogo. Uzito wake? Haufiki gramu 70. Gramu sabini za shaba! Mafundi wa kusuka mota na pampu hununua waya huu kwa kilo, na wengi wao watakupimia kidogo kwenye mizani ukiwaambia ni wa kazi gani. Usiende kununua kijiti chenye waya kwenye duka la vifaa vya maabara wakati fundi wa mota yuko mtaa wa pili.

Jambo moja tu kwa waya huo: ununue mpya. Waya uliofumuliwa kutoka mota iliyoungua unaonekana mzima, lakini vanishi yake imekaangwa. Utasuka jioni nzima, kisha cheche zitaruka kutoka mzingo hadi mzingo katikati ya koili na hutakuwa na la kufanya ila kuufumua. Hapa usibane pesa.

Kusuka kwenyewe kunataka watu wawili na uvumilivu. Bomba lisuguliwe kwa msasa mpaka maandishi ya kiwandani yaishe, lifutwe, likaushwe juani au karibu na jiko, kisha lipakwe vanishi kabla waya haujaligusa, kwa kuwa PVC yenye unyevunyevu huvujisha umeme. Mmoja anazungusha bomba, mwingine anaongoza waya kwa kidole gumba na cha shahada akiubana kidogo, akiuelekeza nyuma kiasi kwamba kila mzingo unajilaza wenyewe ubavuni mwa uliotangulia. Kila baada ya upana wa vidole viwili, weka kipande cha tepu, ndipo upumzike. Waya ukipanda juu ya mwenzake, rudi uutoe hapohapo. Usijiambie kwamba utafunikwa na vanishi. Pitisha ukucha juu ya koili iliyomalizika: unatakiwa usikie mkwaruzo mmoja laini kuanzia chini hadi juu, bila kigongo na bila shimo. Kisha vanishi tena, tabaka tatu au nne nyepesi. Na mwisho wa waya wa juu usiupitishe ndani ya bomba hata kama unapendeza hivyo, kwa sababu umeme utashuka nao humohumo ndani badala ya kutokea kwenye kofia.

Kofia yenyewe ipo jikoni. Sufuria mbili ndogo za alumini za sentimita 15, zile zisizo na mikono, zikifunikana mdomo kwa mdomo na kuzungushiwa tepu ya alumini, zinafanya kazi vizuri kabisa. Umbo la mviringo lisilo na ncha kali ndilo linalotakiwa, maana ncha huvujisha umeme mapema. Mafundi wa Kamukunji wanatengeneza maumbo ya bati na alumini ambayo kiwanda kingekutoza pesa nyingi kuyatengeneza; mwenye mchoro mzuri aende akaongee nao.

Sasa ninawaomba wanafunzi mnisikilize vizuri. Msianze na mashine ya cheche kubwa. Anzeni na transista moja, kile kifaa kidogo cha miguu mitatu kinachokatiza umeme kama swichi, na volti 12.

Saketi yake ni fupi mno. Koili yenu ya pili, ileile mliyoisuka, mwisho wake wa chini unaingia kwenye besi ya transista kama TIP31C; miguu yake mingine miwili ni kolekta na emita. Koili ya kwanza ni mizingo mitatu hadi mitano ya waya wowote mnene wenye plastiki, kutoka upande chanya wa betri hadi kwenye kolekta. Emita inarudi upande hasi. Rezista ya kiloomu 22 kutoka chanya hadi besi ya kuianzisha, na LED moja kati ya emita na besi, mguu wake chanya ukiwa upande wa emita, ya kuilinda besi. Basi. Ikikataa kuwaka, geuza ncha za koili ya kwanza kabla hujalaumu kifaa chochote. Mara nyingi sana shida ni hiyo. Transista itapata moto, kwa hiyo ifungwe kwenye kipande cha alumini. Vifaa hivyo vya saketi vyote utavipata Luthuli Avenue kwa pesa ambayo mtu hutumia kwa chakula cha mchana, na ukiazima betri, hatua hii nzima, pamoja na waya na bomba, haifiki elfu mbili kwa bei ninazonunulia mimi. Mrija wa taa ulioletwa karibu nayo utawaka mkononi mwako. Hata balbu ya kuokoa umeme iliyokufa huwaka, mradi kioo chake kisiwe kimepasuka.

Halafu chukua redio ndogo ya betri yenye MW, ile ya masafa ya kati. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kwenye karatasi, koili niliyowaeleza ina induktansi, yaani kipimo cha jinsi koili inavyopinga badiliko la umeme, ya milihenri 7.3 hivi, na bila kofia ina kapasita yake yenyewe ya pikofaradi 4 hivi. Ingiza kwenye fomula ya resonansi na utapata karibu kilohezi 930. Sasa weka redio mita mbili tatu kutoka kwenye koili, uiwashe koili, uzungushe kitufe cha redio kutoka 530 kuelekea 1600. Utasikia ule mkwaruzo wa kawaida wa MW, halafu mahali fulani karibu na 900 mkwaruzo unakatika ghafla, redio inanyamaza au inapiga mluzi. Umeipata koili yako kwenye redio. Weka zile sufuria juu yake, na mahali pale pa kunyamaza panahama, panashuka mpaka karibu na 575, kwa sababu umeongeza pikofaradi sita na nusu hivi. Mtoto wa kidato cha pili akiona namba aliyoipata kwa kalamu imetokea kwenye mshale wa redio, huna haja tena ya kumbembeleza asome fizikia. Maabara ina osiloskopu, mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ya kufanya kazi hii, na ni nzuri, lakini redio ya sokoni inatosha.

Sitaficha kwamba wengi watataka kwenda mbele, kwenye cheche zinazoonekana gizani toka nyuma ya ukumbi. Basi niseme njia ninayoikubali, na iwe pamoja na mwalimu au fundi aliye karibu, si peke yako chumbani usiku.

Chanzo cha volti kiwe koili ya kuwashia injini ya gari la zamani, ile ya mkebe yenye mafuta ndani. Kwenye maduka ya spea za gari ya Kirinyaga Road zipo, mpya na zilizotumika. Ya pikipiki ya bodaboda haifai, kwa sababu nyingi hutegemea kifaa cha CDI, kile kisanduku cha pikipiki kinachoipa koili pigo la umeme. Koili ya gari inaendeshwa na betri ya volti 12 kupitia saketi ndogo inayokatiza umeme mara mia hivi kwa sekunde. Kapasita ni chupa: chupa za kioo za nusu lita, zijazwe maji ya chumvi mpaka mabegani, juu yake tone la mafuta ya kupikia, nje zivikwe karatasi ya alumini, na msumari mrefu uingie majini kupitia kizibo. Chupa moja hukupa kati ya nusu nanofaradi na moja, kutegemea unene wa kioo. Zipime kwa mita, usikisie. Tano hivi zikiungwa pamoja zitakupa nanofaradi tatu.

Koili ya kwanza sasa isukwe bapa, mizingo 12 ya waya wa nyumba wa milimita 2.5, kuanzia sentimita tano kutoka katikati hadi karibu 13. Inataka mita saba hivi za waya. Hiyo ina maikrohenri 28 au 29, na hesabu inataka 25 hivi ili ilingane na kilohezi 575, kwa hiyo mahali sahihi pa kuunganisha patakuwa kabla ya mzingo wa mwisho. Chubua waya kidogo hapa na pale kwenye mizingo ya nje, ujaribu kila pointi, utafute inayotoa cheche ndefu. Zima na uondoe chaji kila unapohamisha.

Turudie hesabu ya awali na vifaa hivi. Nanofaradi moja ni pikofaradi elfu, kwa hiyo nanofaradi tatu kwa pikofaradi kumi na nusu ni uwiano wa 286, na kipeuo chake cha pili ni 17 hivi. Koili ya gari ikishibisha chupa zako mpaka volti 5,000, juu unaweza kutarajia 85,000 kama hakuna kinachopotea. Maji ya chumvi na pengo la cheche hula sehemu nzuri ya hiyo. Bado inatosha kwa cheche za sentimita kadhaa, na kila sentimita unaweza kuieleza.

Mtu atauliza juu ya transfoma za mabango ya neon, maana karibu kila maelezo ya koili yanaanza nazo. Nairobi mabango yamehamia LED, na zile nzito za chuma zimekuwa adimu. Ukiipata nzuri, ujue kwamba majedwali mengi ya kapasita yametoka Marekani, kwenye umeme wa hezi 60. Wetu ni hezi 50. Transfoma ya volti 9,000 na miliampea 30 inalingana na kapasita ya nanofaradi 8.8 kule na 10.6 huku. Hesabu mwenyewe.

Sasa nimefika kwenye kile kifaa nilichokitaja mwanzoni. Ni transfoma ya microwave. Iko kwenye kila rundo la skrapu, ni nzito, ni ya bei ya chuma, na video zinaisifu. Inatoa volti kama 2,000, na ikiguswa inaweza kusukuma nusu ampea na zaidi bila kuchoka. Moyo wa binadamu huvurugwa na sehemu ya kumi ya ampea. Koili ya gari inatoa volti nyingi zaidi ya hizo, lakini kila pigo lake lina nishati ndogo sana na linaisha palepale. Transfoma ya microwave haiishi. Inaendelea kusukuma, na msuli unajikunja kwenye waya. Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wa stima wengine hawalifikirii: ile swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini haitakusaidia. Inatazama upande wa soketi tu, na upande wa pili wa transfoma haiuoni. Utakuwa unakufa na swichi iko juu.

Kijana asiye na pesa ndiye anayeshawishika nayo, kwa sababu ndiyo pekee anayoimudu. Hilo linaniuma. Nawaomba wazazi: mkiona mwanao ameleta nyumbani microwave mbovu na bisibisi, muulizeni anataka kuifanyia nini. Kapasita yake nayo inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Televisheni za kichogo, zilizotupwa kwa wingi tulipohamia dijitali mwaka 2015, zina hatari ya namna hiyohiyo kwenye waya mnene wenye kikombe cha mpira unaoingia kwenye kioo.

Pengine pa kutobana pesa ni vitu vidogo vidogo ambavyo vyote pamoja haviwezi kukufilisi. Fyuzi kwenye waya wa betri. Swichi ya kubonyeza ambayo ukiiachilia inazima. Fimbo kavu ya plastiki yenye waya na rezista ya kuondolea chaji kwenye chupa kabla mkono haujakaribia. Miwani, maana chupa hupasuka na pengo la cheche hutoa mwanga mkali wa kudhuru macho. Na ardhi. Mwisho wa chini wa koili ya pili usiuunganishe na waya wa ardhini wa soketi. Utapeleka volti za masafa ya juu kwenye friji na televisheni za ploti nzima. Mwenye uwanja achimbie nondo yake mbali na nyumba. Anayeishi ghorofani, kama wengi wetu, atandike bati kubwa chini ya meza, chini ya koili yote, aunganishe hapo. Bati hilo linatosha kwa koili ya ukubwa huu.

Msiziguse cheche. Mtaona watu wakizigusa na kucheka. Kwenye masafa ya mamia ya kilohezi mishipa ya fahamu haisikii umeme vizuri, lakini nyama inapikwa vilevile, na kutosikia maumivu si kusalimika. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo asisogee kabisa. Madirisha yawe wazi, kwa sababu cheche hutengeneza ozoni, na hiyo harufu kali si ya kuvutwa muda mrefu.

Kuna na majirani. Koili ya cheche ni kitu kinachorusha mawimbi ya redio ovyo, na tunaishi chini ya njia za ndege. Mawimbi yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuyachafua. Washeni kwa sekunde chache, mzime, mwandike mlichokiona, mrudie tena baadaye. Yule mwenye saketi ya transista naye asiiache ikiwaka kutwa.

Walimu, kama kilabu kina pesa za koili moja tu, msinunue iliyoundwa tayari. Igaweni kazi: kundi moja lisuke, jingine lipige hesabu, la tatu lishughulike na redio na daftari. Wale wa hesabu wawekwe mbali na koili mpaka waandike namba yao ukutani kwa kalamu ya wino, isije ikarekebishwa baada ya redio kunyamaza.

Hapa mezani nimeleta mabomba manne yaliyokwisha kupakwa vanishi, waya wa kutosha, redio mbili na betri moja. Simu zibaki kwenye viti. Wanafunzi mje wawili wawili, mmoja wa kuzungusha na mmoja wa kuongoza waya, na wazazi mnaopenda kuona mkae upande ule wa dirisha ili mwanga ufike mezani. Maswali niulizeni huku tukisuka.